Nona-S (2S9): Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mzinga wa askari wa miavuli wa Kisovieti

Nona-S ni kitu gani hasa?

Ni gari dogo la deraya linalotembea kwa minyororo, lenye mzinga wa milimita 120 juu yake, lililoundwa Umoja wa Kisovieti kwa ajili ya askari wa miavuli. Jina lake la kijeshi ni 2S9. Liliingizwa rasmi jeshini mwaka 1981. Uzito wake ni takribani tani 8, na linaendeshwa na askari wanne: kamanda, dereva, mlengaji na mpakiaji.

Shika hiyo tani 8 kichwani, maana karibu kila jibu linalofuata linarudi hapo. Gari hili halikuanzia kwenye swali la "tunataka mzinga wa namna gani?" Lilianzia kwenye swali la "ndege inaweza kudondosha nini kwa miavuli?"

Ni kifaru?

Hapana. Kifaru hujengwa kiende uso kwa uso na adui, na huvikwa chuma kizito ili kistahimili kipigo. Nona imevikwa alumini nyembamba inayozuia risasi za bunduki na vipande vya makombora, basi. Kazi yake ni kukaa nyuma ya kilima na kuwapigia wenzake walio mbele. Ukiona mtu mtandaoni anaandika "kifaru cha Nona," ujue ametazama minyororo tu.

Kwa nini askari wa miavuli walihitaji mzinga wao wenyewe?

Kwa sababu askari anayeshuka nyuma ya mistari ya adui hufika na alichobeba. Mizinga ya divisheni za kawaida iko mbali, upande wa pili wa mapambano, wala haimfikii. Historia ya miavuli imejaa vikosi vilivyotua salama kisha vikasagwa na adui mwenye silaha nzito.

Wasovieti walilijua tatizo hili mapema kuliko wengi. Mwaka 1951 walikuwa na ASU-57, kigari cha tani 3 na ushei chenye mzinga wa milimita 57. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaja ASU-85 ya tani zaidi ya 15. Hizi zilikuwa silaha za kupiga kile unachokiona, hasa magari ya adui. Kwa shabaha iliyojificha nyuma ya mlima au ndani ya handaki, askari wa miavuli walibaki na mota za kukokota na hawitza (mzinga unaorusha kombora juu ili lishuke nyuma ya kizuizi) ya D-30 ya milimita 122, nayo pia hukokotwa na lori. Lori nalo linataka nafasi ndani ya ndege, linataka barabara, na halina deraya.

Mambo yalibadilika BMD-1 ilipoingia jeshini mwishoni mwa miaka ya 1960. Lilikuwa gari la deraya la kupigania, jepesi, lenye kudondoshwa kwa miavuli. Ghafla askari wa miavuli wakawa wanakimbia kwa minyororo, huku mizinga yao ikiachwa nyuma inakokotwa. Jaribio la kwanza la kuziba pengo hilo liliitwa 2S2 Fialka: walichukua chasi (mwili wa chini wa gari pamoja na minyororo yake) ya BMD wakaipachika hawitza ya milimita 122. Chasi ikalemewa, mradi ukafutwa.

Sasa, ni mota, ni mzinga au ni hawitza?

Ni vyote vitatu, na hapa ndipo uzuri wa kazi yenyewe ulipo.

Mota ya kawaida ni bomba laini lisilo na mifereji ndani. Unadumbukiza bomu lenye mapezi mkiani, linaruka juu sana kisha linashuka kwa mwinamo mkali. Mzinga na hawitza zina mifereji iliyochongwa kwa mzunguko ndani ya mtutu. Kombora huzungushwa nayo, na mzunguko huo ndio unaolishikilia lisipinduke hewani.

Mtutu wa Nona, unaoitwa 2A51, una mifereji na hupakiwa kwa nyuma kama mzinga. Lakini unaweza kuinuliwa hadi digrii 80, karibu kusimama wima, kama mota. Unaweza pia kushushwa hadi digrii 4 chini ya usawa na kupiga shabaha inayoonekana mbele. Na unakubali mabomu ya kawaida ya mota ya milimita 120 yenye mapezi, hata yale yaliyotengenezwa nchi nyingine. Kwa kikosi kilichozingirwa hilo si jambo dogo: kikiteka ghala la adui lenye mabomu ya kipimo hicho, kinaweza kuyatumia.

Siri ya wepesi wake ni nini?

Kombora lake.

Katika mzinga wa kawaida, kombora lina mkanda wa shaba kiunoni. Baruti inapowaka, mkanda huo husukumwa kwa nguvu kubwa mpaka unajikata wenyewe na kuingia kwenye mifereji. Nguvu hiyo inadai mtutu mnene, kitako kizito, na chasi ya kustahimili teke la nyuma. Hapo ndipo tani zinapojilimbikiza.

Kombora la Nona, aina ya 3OF49, mkanda wake umechongwa meno tayari kiwandani. Husukumwa ndani meno yakiwa yamelingana na mifereji, kama ufunguo unavyoingia kwenye kitasa chake. Baruti haina kazi ya kukata chuma, inasukuma tu. Shinikizo ndani ya mtutu ni dogo, hivyo mtutu unaweza kuwa mwembamba, teke ni jepesi, na gari la tani 8 linalivumilia.

Kuna faida nyingine ambayo watu wengi huipita bila kuiona. Kombora lisilobanwa na shinikizo kubwa halihitaji kuta nene, na kuta zikiwa nyembamba, nafasi ya kilipuzi inaongezeka. 3OF49 ina uzito wa karibu kilo 20, na karibu kilo 5 kati ya hizo ni kilipuzi. Linganisha na kombora la zamani la hawitza ya milimita 122, OF-462, lenye kilo 21.76 lakini kilipuzi chake ni kilo 3.67 tu. Kwa hiyo silaha inayodharauliwa kuwa "mota tu" hutua na mlipuko mkubwa kuliko hawitza iliyo nzito kuliko yake.

Wazo hilo walilitoa wapi?

Ufaransa, na halikuwa jambo la kufichwa. Kampuni ya Thomson-Brandt ilikuwa imeunda mota ya kukokota ya milimita 120 yenye mifereji, MO-120-RT-61, ambayo makombora yake yalikuwa na meno yaliyochongwa tayari. Wahandisi wa taasisi ya TsNIITochMash, mjini Klimovsk karibu na Moscow, waliichunguza na kuona kilichofichika humo. Wao wakaongeza kile ambacho Wafaransa hawakukifanya: wakauweka mtutu wa namna hiyo ndani ya gari la deraya, unapakiwa kwa nyuma, wapigaji wakiwa wamefunikwa. Kiwanda cha Perm, chenye historia ndefu ya mizinga, kikashughulikia mtutu. Chasi ilitokana na BTR-D, ndugu mrefu wa BMD-1.

Tusiseme waliiga tu. Wazo la meno lilikuwa la Mfaransa. Gari zima lilikuwa la Mrusi.

Inapiga umbali gani, na kwa kasi gani?

Kwa kombora la kawaida la mifereji, karibu kilomita 8.8. Kwa kombora linalosaidiwa na roketi, hadi karibu kilomita 13. Kwa bomu la mapezi, karibu kilomita 7. Kasi ni makombora 6 hadi 8 kwa dakika, ingawa kwa makombora 25 tu yanayobebwa ndani, kasi hiyo haidumu. Matoleo ya baadaye yaliongezewa nafasi ya makombora 40.

Baada ya kila pigo, hewa iliyobanwa hupulizwa ndani ya mtutu kuondoa moshi wa baruti. Bila hivyo, askari waliobanana ndani ya kichwa cha gari, yaani kile kibanda kidogo kinachobeba mzinga, wangevuta sumu kila kitako kinapofunguliwa.

Dhidi ya vifaru kuna kombora la 3BK19, linalotoboa chuma kwa mshale mwembamba wa metali unaorushwa na mlipuko. Hiyo ni silaha ya kujiokoa. Anayekwenda kuwinda vifaru kwa Nona amekosa njia. Kuna pia Kitolov-2, kombora linalofuata doa la leza: askari aliye mbele humulika shabaha, kombora likaenda palepale.

Kichwa chake kinazunguka pande zote?

Hapana. Kinageuka digrii 35 kulia na digrii 35 kushoto, basi. Shabaha ikitokea ubavuni, dereva lazima ageuze gari zima.

Inadondoshwaje kutoka kwenye ndege?

Njia ya zamani ilikuwa kulifunga gari juu ya jukwaa na kulitundika kwenye miavuli mikubwa kadhaa. Linashuka taratibu, ndiyo, lakini kulifungasha ni kazi ya saa nyingi, na linapoelea hewani kila mtu chini analiona.

Wasovieti wakabuni mfumo wa roketi, na wa Nona unaitwa PRSM-925. Miavuli hupunguzwa, gari linashuka kwa kasi kubwa zaidi. Chini yake hutangulia vijiti virefu vya kupapasa. Vijiti vikigusa ardhi, roketi zilizofungwa juu ya gari huwaka kwa muda mfupi sana na kuivunja ile kasi, gari likatua. Ukitazama video zake utaona wingu la vumbi na moto likifunika kila kitu, kisha gari limekaa pale.

Chasi nayo inasaidia. Haina springi za chuma za kawaida. Imekalia mitungi ya gesi na mafuta ambayo dereva anaweza kuishusha au kuipandisha. Tumbo la gari linaweza kuwa sentimita 10 tu kutoka ardhini au sentimita 45. Ndani ya ndege linalazwa chini na kufungwa. Uwanja wa vita likiwa limejificha, linalazwa vilevile ili lisionekane.

Askari huwa ndani linapodondoshwa?

Kwa kawaida askari huruka kwa miavuli yao na kulitafuta gari chini. Hapo kuna hatari yake: usiku, kwenye upepo, watu wanatua huku na gari kule.

Vasily Margelov, aliyeongoza vikosi vya miavuli vya Sovieti kwa miaka mingi hadi 1979, hakuipenda hali hiyo hata kidogo. Alitaka watu washuke ndani ya gari lenyewe, likigusa ardhi liwashe injini liondoke. Wakubwa walisita. Tarehe 5 Januari 1973, karibu na Tula, gari la BMD-1 lilidondoshwa kutoka kwenye ndege ya An-12 likiwa na watu wawili ndani: Leonid Zuyev na Alexander Margelov, mwana wa jenerali mwenyewe. Walikalia viti vilivyotokana na viti vya wanaanga. Wakatua wazima.

Tarehe 23 Januari 1976 ikafuata zamu ya mfumo wa roketi, ambao ni wa hatari zaidi kwa kuwa roketi zikikataa hakuna pa kukimbilia. Alexander Margelov akaingia tena, safari hii na Leonid Shcherbakov. Wakatoka wazima tena. Nishani ya Shujaa wa Urusi waliipata mwaka 1996, miaka 20 baadaye.

Magari hayo yalikuwa BMD-1, si Nona. Lakini bila majaribio yale hakuna ambaye angethubutu kupanga jeshi zima la magari ya kuanguka kutoka angani, na Nona ni mtoto wa mpango huo. Kuhusu baba kumtia mwanawe humo mara mbili, kila mzazi atahukumu kivyake.

Inavuka maji?

Ndiyo, inaelea yenyewe na kusukumwa na mikondo ya maji inayotoka nyuma, kwa karibu kilomita 9 kwa saa. Barabarani inafika kilomita 60 kwa saa kwa injini ya dizeli ya nguvu farasi 240.

Imepigana wapi?

Afghanistan ndiyo shule yake ya kwanza, katika miaka ya 1980. Milima ile iliipendelea. Mpiganaji aliyejificha upande wa pili wa ukingo hafikiwi na mzinga unaopiga kwa kunyooka, lakini mtutu unaoinuka digrii 80 unalirusha kombora juu ya ukingo na kulidondosha nyuma yake. Gari lenyewe, kwa wepesi wake, lilipanda njia ambazo magari mazito yaliziogopa. Baadaye ikapigana Chechnya katika vita vyote viwili.

Mwaka 2014 ikaingia kwenye habari kwa njia ya ajabu. Tarehe 16 Aprili, huko Kramatorsk mashariki mwa Ukraine, msafara wa Brigedi ya 25 ya miavuli ya Ukraine ulizingirwa na umati pamoja na wapiganaji waliotaka kujitenga. Magari sita yakachukuliwa, moja likiwa Nona. Likapelekwa Sloviansk, na kwa majuma kadhaa gari hilo moja likawa miongoni mwa silaha nzito kabisa walizokuwa nazo wapiganaji wa pale. Linapiga, linahama, linajificha, linapiga tena. Tangu uvamizi wa Urusi wa 2022, pande zote mbili zimekuwa zikitumia magari ya Nona.

Na katika vita hivyo vyote, ilidondoshwa kwa miavuli mara ngapi?

Hili ndilo swali ambalo watu wachache huuliza, na ndilo lililo muhimu kuliko yote. Afghanistan, Chechnya, Ukraine: ilifika kwa barabara, kwa reli, au ndani ya ndege iliyotua uwanjani. Miavuli na roketi zimebaki kuwa mambo ya mazoezi na maonyesho.

Yaani gari lilinyimwa deraya nene, likanyimwa mtutu wa kupiga mbali, likanyimwa nafasi ya makombora mengi, yote kwa ajili ya safari ya angani ambayo vita haikuidai. Bei ililipwa kamili, bidhaa haikuchukuliwa. Binafsi sioni kuwa ulikuwa upuuzi mtupu, maana wepesi uleule uliifaa milimani na mitoni. Lakini pale ambapo adui ana mizinga ya kilomita 20 na zaidi, pamoja na droni zinazoelea juu siku nzima, gari la alumini linalolazimika kusogea hadi kilomita 8 kutoka kwenye shabaha linaishi kwa bahati.

Zilitengenezwa ngapi, na ziko wapi leo?

Kwa makadirio yanayotajwa sana, zaidi ya 1,400, hadi utengenezaji uliposimama mwaka 1989. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika, zikagawanyika pamoja na majeshi: nyingi zikabaki Urusi, nyingine zikaangukia nchi kama Ukraine, Belarus, Azerbaijan, Uzbekistan, Kirgizia na Moldova.

Ina ndugu?

Wapo. Nona-K (2B16) ni mtutu uleule uliowekwa juu ya magurudumu mawili ya kukokotwa. Nona-SVK (2S23) imewekwa juu ya BTR-80, gari la deraya la kubeba askari lenye magurudumu manane. Hiyo haidondoshwi kwa miavuli, na Venezuela ni mmoja wa wanunuzi wake. Vena (2S31) ilipanda chasi ya BMP-3, gari la deraya la kupigania la askari wa miguu, na kuongezeka uzito hadi tani 19 hivi.

Aliyekusudiwa kurithi kiti cha Nona ni Lotos (2S42), aliyeonyeshwa hadharani kwa mfano mwaka 2017. Milimita 120 zilezile, kilomita 13 hivi, chasi ya ukoo wa BMD-4M (toleo jipya la BMD), na uzito wa takribani tani 18. Tani 18! Mara mbili na zaidi ya mzee wake, na bado inatakiwa imwagwe na ndege.

Nitaitambuaje kwenye picha?

Anza na magurudumu ya chini. BMD-1 ina matano kila upande, BTR-D na Nona zina sita. BTR-D haina kichwa cha mzinga juu, kwa hiyo ukiona sita pamoja na kichwa kikubwa kilichokaa katikati ya mgongo, umeshaipata. Kisha tazama mtutu: mfupi, mnene, hauna ile kofia ya kuvunja teke ambayo mizinga mingi mikubwa huwa nayo mdomoni. Ukiona mtutu mrefu umevuka pua ya gari, hiyo si Nona.